Wanafunzi wa uhandisi wakisomea nyumbani: maabara si tatizo la kwanza

Kila masomo ya vyuo vikuu yanapohamia mtandaoni, mjadala kuhusu wanafunzi wa uhandisi huanzia maabara na kuishia maabara. Ilikuwa hivyo Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza vyuo vyote vya Kenya vifungwe kufikia tarehe 20 ya mwezi huo. Ikawa hivyo tena Machi 2023, baadhi ya vyuo vya Nairobi vilipohamishia vipindi mtandaoni kwa sababu ya maandamano. Wapo wasemao uhandisi haufundishiki kwa simu, kwa hiyo heri masomo yasitishwe. Wapo wasemao tununue programu za kuigiza majaribio, turekodi video, twende mbele. Wanafunzi walioomba masomo yaahirishwe wakaitwa wavivu.

Naona hawakutendewa haki. Malalamiko niliyoyasikia zaidi kwao hayakuhusu mashine. Walikuwa wakiuliza mtihani ni lini, ripoti ipelekwe wapi, majaribio yaliyokatizwa yatarudiwa au yamefutwa, na nani apigiwe simu alama zisipoonekana. Walikosa wa kuwajibu.

Shahada ya uhandisi Kenya ni ya miaka 5, na masomo yake yamepangwa kwa ngazi. Hisabati ya mwaka wa kwanza hubeba mekanika, yaani somo la nguvu na mwendo, ya mwaka wa pili. Mekanika hubeba uchanganuzi wa miundo. Uchanganuzi hubeba usanifu wa zege na chuma wa miaka ya mwisho. Na kwa kawaida somo moja hufundishwa mara moja kwa mwaka. Mfikirie mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyerudi kwao Lodwar, mbali kaskazini mwa Kenya, asipate habari kwamba ripoti za maabara zitapokelewa hadi Ijumaa, tena kwa barua pepe badala ya mfumo wa chuo. Alama zake hazitaonekana. Suala la alama zinazopotea halihitaji kuelezwa kwa yeyote aliyepita katika vyuo vyetu vya umma. Tofauti ni kwamba aliye chuoni huenda akabisha mlango wa mhadhiri, akaonyesha nakala yake, na jambo likaisha siku hiyohiyo. Wa Lodwar hana mlango wa kubisha. Somo likimkwama, lile linalofuata nalo limekwama, na kulirudia ni kusubiri mwaka mzima. Kwa hiyo amepoteza mwaka kwa kukosa tangazo, ingawa hesabu anazijua. Jambo hili linanisumbua kuliko lolote katika mjadala huu, kwa sababu mzazi aliyeuza mbuzi kulipa karo hawezi kuelezwa akaelewa, na mimi pia sielewi.

Tazama uzito wa vitu vyenyewe. Saa moja ya kipindi cha video hula megabaiti mia kadhaa. Saa moja ya sauti ya mhadhiri, ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, haifiki megabaiti 15. SMS hubeba herufi 160, haihitaji bando, na hufika hata kwenye simu ya mulika mwizi. Herufi 160 zinatosha kusema: ripoti ya mekanika mwisho Ijumaa saa kumi, tuma kwa barua pepe ya idara, swali mpigie mratibu. Ila hicho chepesi kuliko vyote ndicho tulichokiacha mikononi mwa mwakilishi wa darasa na kundi lake la WhatsApp. Tumemfanya kijana wa miaka 20 kuwa ofisi ya msajili bila mshahara, na simu yake ikizima, darasa zima linaishi kwa uvumi.

Wanaosema maabara ndiyo tatizo la kwanza wana hoja nzito pia. Fundi wa maabara anaweza kupiga video tofali la zege la milimita 150 kila upande likivunjwa kupima nguvu yake, akawatumia wanafunzi mzigo uliolivunja: kilonewtoni 562.5 kwenye eneo la milimita mraba 22,500, yaani newtoni 25 kwa kila milimita mraba. Hesabu wataipata. Hawatajua zege lisiloshindiliwa vizuri linavyoonekana likipasuka, na mhandisi asiyelijua hilo atakuja kusimamia jengo. Ndiyo maana Bodi ya Wahandisi ya Kenya huidhinisha programu za vyuo kabla ya kuwasajili wahitimu wake, na hakuna ujumbe mfupi unaoweza kushika nafasi ya karakana.

Pia si haki kudai chuo kitangaze kisichokijua. Julai 2020 Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alisema shule hazitafunguliwa hadi Januari 2021. Oktoba baadhi ya madarasa yakarudi. Mkuu wa idara aliyeahidi tarehe katika hali ile angeaibika. Na wahadhiri wengi walikuwa wakiandaa upya masomo yao usiku, kwa bando walilojinunulia.

Hata hivyo, "bado hatujui, tutawaandikia Jumatatu" ni taarifa kamili. Inamwezesha mwanafunzi kuamua kama apande gari arudi mjini au abaki amsaidie baba shambani wiki hiyo. Idara ikituma ujumbe kila Jumatatu, hata kusema hakuna mabadiliko, na ikimteua mtu mmoja anayelipwa kujibu maswali ndani ya siku mbili, imefanya kazi ya kufundisha sawasawa na anayeandika milinganyo ubaoni. Miradi mikubwa hupita. Maputo ya Loon, kampuni tanzu ya Alphabet inayomiliki Google, yaliyorushwa Julai 2020 pamoja na Telkom Kenya ili kutandaza intaneti katika eneo la karibu kilomita za mraba 50,000, yalitangaziwa mwisho wake Januari 2021. Orodha ya namba za simu za wanafunzi ingali ofisini.

Mpaka wa hoja yangu ni mwaka wa tano. Mwanafunzi mwenye mradi wa mwisho unaohitaji mashine ya kukereza au maabara ya umeme wa nguvu kubwa hasaidiwi na ujumbe wa kila Jumatatu, uwe mzuri namna gani. Huyo arudishwe chuoni kabla ya wengine wote, kwa zamu na kwa makundi madogo, na aambiwe zamu yake mapema kiasi cha kutafuta nauli.