Ngozi ya laboratware haifanane na ngozi ya muchimbaji

Hapa Lubumbashi kuna bamama benye kuosha mawe ya kobalti mu maji na mikono mitupu, kuna badada benye kupaka kreme ya hidrokinoni (dawa ya kupausha ngozi) kila usiku, na bote ulizo yabo ni moja: hii kitu inaingia mu mwili ao inabakia tu juu ya ngozi?

Mu laboratware banajibu na chombo inaitwa seli ya Franz. Ni bikombe mbili bya kioo, moja juu ya ingine, katikati banaweka kipande ya ngozi ya mutu (ile yenye ilibakia kisha operasio) ao ya nguruwe, juu banatia produi, chini kuna maji maji yenye banapima saa kwa saa, mara mingi mpaka saa 24, na ngozi inachungwa pa joto ya digri 32 hivi. OECD (muungano ya inchi mingi yenye kuandika pia kanuni za kupima produi) iliandika kanuni yake mu 2004, namba 428, na kitu naipendaka sana pale ni kama hesabu inapashwa kufunga: yenye ilipita, yenye ilibakia mu ngozi, yenye uliosha, jumla iwe karibu 100%, bila hivyo mutu atasema produi haipite kumbe ilipotelea ku kioo.

Kuna batu benye kusema malaboratware zote zipime na kanuni moja, na beko na haki. Kama kila laboratware inapima namna yake, hakuna mwenye ataweza kulinganisha, na majaribio ku panya itarudiliwa bure.

Lakini kanuni moja haileti namba moja. Mu uchunguzi moja yenye ilitoka mu 2004, malaboratware 10 zilipima produi tatu, asidi benzoiki, kafeini na testosteroni, kwa protokole moja, zile 9 zenye zilitumia ngozi ya mutu zote zikaona asidi benzoiki njo inapita mbiyo zaidi, lakini namba zenyewe ziliachana mbali sana, juu ngozi ya huyu haiko ngozi ya yule, na unene yake pia inacheza.

Na kitu yenye inaniuma zaidi ni hii: mbele ya kuanza banaangalia kama ngozi iko nzima, yenye kuharibika banatupa. Sasa mukono ya ule mama wa kobalti, yenye kupasuka, yenye bidonda, njo ile ngozi kanuni inatupa, na tunajua wazi kama ngozi yenye kuharibika inapitisha kobalti kuliko ngozi nzima. Namba ya ngozi nzima ikitumiwa kumuchunga ule mama, haimuchunge.

Batu ba laboratware banajibu kama kidonda haina kipimo, bakikubali kupima ngozi yenye kuharibika kila mutu atakwaruza ngozi namna yake na kanuni itavunjika. Ni kweli, ile woga naielewa. Lakini kukwaruza nako kunaweza kupewa kipimo, skochi (utepe ya gundi) ya aina moja inabandikwa ku ngozi na kubanduliwa mara hesabu moja kila pahali, kisha unapima mara mbili, ngozi nzima na ngozi ya kukwaruzwa, na unaandika namba zote mbili ku ripoti.