Mchuzi wa Hombolo

Saa tisa usiku kumelia paa! chini ya kitanda. Mama watoto kakaa kitako: "Risasi?" Si risasi. Ni dumu langu la mvinyo, lita 5 kutoka Hombolo, limetema mfuniko, na chandarua sasa kama tumechinjia mbuzi humu. Maji yenyewe mpaka Alhamisi.

Kosa ni la daktari. Kasema presha hii nitembee. Haya, sisi tuliofuata serikali huku Dodoma tutatembea wapi, na vumbi hili? Nikaona kama ni kutembea, basi kwa heshima: nishuke Hombolo, nipite kwa miguu kwa wakamuaji wadogo, nionje mvinyo kama watu wa Ufaransa. Nikavaa kofia, nikashika fimbo.

Wa kwanza yuko msibani. Wa pili kaiona kofia kwa mbali, kafunga mlango, nikamsikia: "Wa leseni hao." Na ukiuliza njia ni "hapo tu, ukivuka korongo." Nimevuka manne.

Wa tatu ni mzee mmoja, simtank mbili uani. "Mbukwenyi," akanisalimu. Mimi pumzi hoi, nikaitika, "Marahaba." Mzee anayemzidi baba yangu! Nikapiga shikamoo tatu mfululizo.

"Gari limekufia wapi, mwanangu?"

"Sina gari, mzee. Natembea."

"Pikipiki je?"

"Natembea tu. Kwa kupenda."

Akamgeukia mkewe, wakanong'ona Kigogo kwa sauti ile ya wodini. Bibi akaingia ndani, akatoka na ugali wa uwele na mlenda. Nikasema jamani sina njaa, nimefuata zabibu.

"Unataka mchuzi?"

Nikasema mlenda unatosha. Kumbe mchuzi wa zabibu ndio mvinyo wenyewe! Zabibu za huku zinaiva mara mbili kwa mwaka. Mnunuzi asipotokea, hazikusubiri. Unakamua, unajaza tangi, unaomba Mungu.

"Mtamu au mkavu?"

"Mzee, mchuzi mkavu unanywewa au unatafunwa?"

Hakucheka. Akanimiminia kwenye kikombe cha bati. Nikakishika kwa ncha za vidole, nikakizungusha, nikafumba macho, nikanusa, kama ninavyoona kwenye simu.

"Kuna nzi?"

"Hapana, mzee. Nasikiliza harufu."

"Inasemaje?"

Ilikuwa inasema tangi, kidogo. Lakini chini ya tangi, haki ya Mungu, kulikuwa na kitu kizuri. Nikavuta funda, nikasukutua, nikatema pembeni. Si ndivyo wafanyavyo wataalamu?

Bibi alisimama. Nchi yenye mvua za kuhesabu, mizabibu imenyweshwa kwa ndoo za kichwani, na mtu mzima mwenye kofia anatema mbele ya wenyewe! Nikanywa vikombe vitatu kufuta ile aibu, kisha nikanunua dumu.

"Mfuniko usiukaze," mzee akanisindikiza. "Bado unachemka."

Makorongo manne, jua la saa nane, na dumu lililolegea? Nikakaza. Nikafunga na mpira wa baiskeli juu yake. Konda naye kanidai nauli ya dumu, eti limekaa kiti.

Sasa hakujapambazuka vizuri, jirani anabisha hodi. "Shemeji, kwema? Nimesikia mlio." Kwema, namwambia, panya. Hakwenda. Nachungulia dirishani: kaja na kikombe.