Kinamasi Tu

Wiki iliyopita tipa mbili zilimwaga kifusi juu ya mafunjo ambayo kikundi chetu cha mtaani, huku upande wa Luchelele jijini Mwanza, kimeyatunza kwa miaka mitatu. Nilipomuuliza msimamizi wa kazi ile kama alifahamu kwamba mafunjo yale yalipandwa kwa mikono ya watu, alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa, akasema, "Mwalimu, hiki ni kinamasi tu."

Ni hilo neno "tu" lililoninyima usingizi. Sijawahi kumsikia Msukuma yeyote akisema "ngitili tu". Mzee akishaifunga ngitili yake, yaani eneo lake la malisho ya akiba, hata mtoto wa jirani anajua kwamba nyasi zile zinasubiri kiangazi, na kwamba ng'ombe atakayeingizwa humo kabla ya wakati wake ataleta kesi. Hakuna aliyegawiwa fulana ili aelewe jambo hilo, wala hapakuwa na semina yenye posho. Inakuwaje basi watu hao hao, tunaojua kuheshimu nyasi ambazo hazijaliwa, tukiteremka ufukweni tunaona mafunjo na kudhani kwamba tumeona kiwanja?

Mafunjo hayakai bure. Mto Mirongo unakatiza katikati ya jiji ukibeba kila tunachokitupa gizani, na mzigo huo unaishia katika Ziwa Victoria, ziwa lile lile ambamo maji yetu ya bomba yanavutwa kule Capri Point. Maji yakipita polepole kwenye mafunjo, tope hutuama, na mizizi hufyonza sehemu ya naitrojeni na fosforasi ambazo zikifika ziwani huwa karamu ya magugu maji. Humo ndani, penye giza na oksijeni haba, ndimo baadhi ya furu, samaki wadogo wa ziwa hili, walimojificha sangara alipowamaliza wenzao, kwa kuwa sangara hawezi kustahimili maji ya namna hiyo, ilhali kamongo na kambare hupanda juu, wakavuta hewa na kuendelea na safari zao. Anayekifukia kinamasi anaifukia nyumba ya hao wote, kisha jioni anakwenda mwaloni Kirumba kulalamika kwamba samaki wamepanda bei.

Mei 2020 ziwa lilipopanda hadi kimo ambacho halikuwahi kufikia katika kumbukumbu zake, lilizifuata nyumba zilizojengwa mahali pake na likaingia sebuleni bila kubisha hodi. Tulililaumu ziwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba viwanja vya jiji hili havishikiki kwa mshahara wa kawaida, na kwamba anayeishi kando ya mafunjo hulala na mbu. Hata hivyo, mwenye kifusi hiki si maskini, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imekwisha kusema habari ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tulipima kwa kamba. Tipa zilisimama mita 22 kutoka kwenye maji.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi tunavyofundisha. Februari 2, Siku ya Ardhioevu Duniani, tulimpokea mgeni rasmi, tukasikiliza hotuba kwa saa mbili juani, na wanafunzi wa darasa la tano wakakariri maana ya ardhioevu kwa sauti moja. Kisha, Mungu anisamehe kwa kucheka, wageni wetu wakapanda mikaratusi kumi pembezoni mwa kinamasi, mti ambao mtu huuleta anapotaka kukausha mahali.

Wiki mbili baadaye mama mmoja anayesuka majamvi aliwachukua watoto wale wale, akawavua viatu na kuwaingiza topeni. Aliwaonyesha bua lililokomaa na bua changa la kuachwa, na akawaeleza kwamba ukikata kwa zamu mafunjo hurudi, lakini ukiling'oa shina lake umelimaliza. Aliwachotesha maji kwa chupa mbili, moja mahali mtaro unapoingia katika mafunjo na nyingine mahali unapotokea ziwani, kisha akaziweka chupa hizo juu ya jiwe na kunyamaza. Sina hakika kama watoto wale wanaikumbuka hata sentensi moja ya mgeni rasmi, lakini chupa zile wanazizungumzia hadi leo, na ndio waliokuja kunigongea mlango tipa zilipofika. Mama huyo hakualikwa jukwaani kwa sababu, kwa maelezo ya mwandaaji, hana cheti.

Jumamosi tuliingia kazini kwa toroli mbili na makarai ya kuazima, na hadi adhuhuri tulikuwa hatujaondoa hata robo ya kifusi. Saa nane hivi alifika kijana kwa bodaboda, ametumwa na mwenye kiwanja, akatuuliza tuna kibali gani cha kukiondoa.