Mvueni Viatu Kwanza

Juzi kwenye hitma ya arobaini huko Mikindani, mzee mmoja aliuliza swali lililofanya pilau linikwame kooni: "Marehemu alikuwa na kisukari, lakini kila akipima ilikuwa sita, sawa kabisa. Sasa mguu ulikatwa kwa nini?" Jibu likaja kabla hajamaliza: kakanyagishwa uchawi. Mpaka wa shamba la mikorosho, ugomvi na mjomba fulani, mnaijua hadithi hiyo.

Ndiyo, alikanyaga kitu. Msumari. Na hakuusikia.

Yule mzee simlaumu. Nawalaumu waliomzoesha kudhani kisukari ni namba kwenye kile kimashine. Sukari ikikaa juu kwa miaka, na presha ikiwa juu pia, kuta za mishipa ya damu zinaharibika, mafuta yanaganda humo, njia inakuwa nyembamba, damu ya kushuka mguuni inapungua. Neva, yaani mishipa ya fahamu, nazo zinakufa ganzi. Kidonda kisichouma na kisichopata damu kitapona vipi? Sita ya asubuhi moja haifuti miaka kumi iliyopita.

Wala si habari mpya. Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, ulitoa majibu yake: wenye kisukari cha aina ya pili walioshushwa presha hadi wastani wa 144 kwa 82, wakilinganishwa na waliobaki kwenye 154 kwa 87, kiharusi kilipungua kwa asilimia 44 na vifo vitokanavyo na kisukari kwa asilimia 32. Pointi kumi za presha! Kule Denmark, utafiti wa Steno-2 uliwachukua watu 160 tu, nusu yao wakabanwa sukari, presha na lehemu (mafuta ya kwenye damu) kwa pamoja. Majibu ya 2003 yalionyesha hatari ya maradhi ya moyo na mishipa kwao imeshuka kwa karibu nusu. Hapo hapakuwa na muujiza, ni vidonge vya kawaida na ufuatiliaji usiolegea.

Sasa njoo huku kwetu. Mama yangu mdogo anahudhuria kliniki ya sukari, siitaji ni ipi. Kadi yake imejaa namba za sukari mpaka pembeni. Presha imeandikwa siku waliyokumbuka. Miguu? Anaingia na viatu vyake, anatoka na viatu vyake, miaka nenda rudi.

Haya, nakubali kwa shingo upande: foleni ni ndefu na muuguzi ni huyohuyo mmoja anayegawa na dawa. Kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, ili kujua kama damu inafika chini, kunataka kifaa ambacho hakipo kila mahali. Lakini kupapasa mapigo ya damu juu ya mguu kunataka vidole viwili. Kutazama katikati ya vidole vya mguu kunataka macho. Nayo tunamsubiri mfadhili?

Wauza mizizi ya "kumaliza sukari" pale stendi siku yao inakuja, leo nimewasamehe. Na wewe mwenye kisukari unayesoma hapa huku sigara iko mdomoni, sina la kukwambia ambalo mishipa yako haijui.

Tarehe ya kliniki ya mama mdogo ikifika nakwenda naye. Nitamvua viatu mwenyewe kabla hajakaa kwenye kiti, niseme, "Dada, naomba umtazame na miguu." Wakinuna, wanune.