Kansa ya ovari: mbona daktari anakataa kukupima wakati hela unayo?

Mwezi uliopita dada yangu mkubwa, ana miaka 46, alirudi nyumbani amekasirika kwelikweli. Kwenye grupu lao la WhatsApp la kina mama kulikuwa kunazunguka ujumbe kwamba kila mwanamke aliyefika miaka 40 akapime damu, kipimo kinaitwa CA-125 (kinaangalia kiwango cha protini fulani kwenye damu), eti kinakamata kansa ya ovari mapema kabla haijasambaa. Basi akachukua hela yake akaenda hospitali, haumwi popote, akaomba apimwe. Daktari akagoma. Akamwambia mama wewe huna dalili, hiki kipimo hakitakusaidia na kinaweza hata kukuingiza kwenye matatizo. Dada akaona amedharauliwa, na nyumbani karibu wote tukawa upande wake, mimi pia siku ya kwanza.

Baadaye nikakaa nikasoma, na nimebadilika. Naandika hapa kwa sababu naona madaktari wa aina hii wanatukanwa sana, na hoja yao hakuna anayewasaidia kuieleza.

Ila upande wa dada nao una uzito. Ovari, yaani vile vifuko vya mayai, viko ndani kabisa huko chini ya tumbo, huwezi kupapasa kama titi wala kuangalia kama shingo ya kizazi. (Na hili watu wengi wanachanganya: kile kipimo cha shingo ya kizazi unachofanyiwa kliniki hakigusi ovari hata kidogo, na chanjo ya HPV, kirusi cha kansa ya shingo ya kizazi, wanayochoma mabinti shuleni sio ya kansa hii.) Takwimu za Marekani zinaonyesha ikikamatwa bado iko kwenye ovari tu, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wanakuwa hai baada ya miaka 5, ila ikishafika mbali wanabaki kama 3 kati ya 10. Na wengi wanagundulika ikiwa imeshasambaa. Mwaka 2022 duniani waliugua wanawake kama 324,000 na wakafa karibu 207,000. Mtu akiona hesabu hizo halafu akaambiwa kuna kipimo cha damu, kwa nini asikitake? Hata mimi ningekitaka.

Shida ni kwamba jambo hili limeshajaribiwa, tena sio kwa watu wachache. Uingereza kati ya mwaka 2001 na 2005 waliandikisha wanawake zaidi ya 202,000 wa miaka 50 mpaka 74, hawana dalili, wakawagawa makundi matatu: wa kwanza wanapimwa CA-125 kila mwaka na ikipanda wanapigwa ultrasaundi, wa pili ultrasaundi kila mwaka, wa tatu hawapimwi chochote. Wakawafuatilia kwa wastani wa miaka 16 hivi. Majibu yalitoka 2021. Waliokufa kwa kansa hiyo kundi la damu ni asilimia 0.6. Kundi la ultrasaundi asilimia 0.6. Kundi ambalo halikupimwa kabisa, asilimia 0.6.

Mimi hizo namba zimenikalisha siku kadhaa. Kwa sababu kuna kitu kingine ndani yake kinachouma zaidi: kile kipimo cha damu kilifanya kazi yake! Kundi la damu waligundulika wengi zaidi wakiwa steji ya kwanza, kwa asilimia 47 kuliko wasiopimwa, na wa steji ya nne wakapungua karibu robo. Yaani kila kitu tunachoambiwa kuhusu kuwahi kilitokea, walikamatwa mapema, na bado vifo havikupungua. Maelezo yanayotolewa ni kwamba zinazokamatwa mapema mara nyingi ni zile za polepole, na ile kali inayoua wengi inaanza kudondosha mbegu zake tumboni ikiwa bado ndogo kiasi kwamba hata ultrasaundi haiioni, kwa hiyo kumwahi miezi kadhaa hakubadilishi safari yake. Hili ni gumu kulimeza, najua, maana kansa nyingine kama ya shingo ya kizazi kuwahi kunaokoa kabisa na tumezoea kudhani zote ziko hivyo.

Na kupima kwenyewe sio bure. Marekani walifanya jaribio lao, wanawake kama 78,000, majibu yakatoka 2011. Kwenye kundi lililopimwa, wanawake 3,285 waliambiwa kuna kitu halafu ikaonekana hakuna kansa. Kati ya hao 1,080 walipasuliwa. Soma tena taratibu: wanawake 1,080 wasio na kansa ya ovari wamelazwa, wakawekwa usingizi, wakafunguliwa, na 163 kati yao wakapata madhara makubwa ya operesheni. Vifo vya kansa vikawa 118 kwa waliopimwa na 100 kwa wasiopimwa, tofauti ambayo kitaalamu huwezi kusema vipimo ndivyo vilivyoua, lakini kusema viliokoa nayo huwezi. Wale 163 hakuna anayewatumia ujumbe wa WhatsApp. Ni mama wa mtu, aliingia hospitali mzima kwa miguu yake.

Sasa lete hiyo hapa kwetu. CA-125 inapanda kwa vitu vingi sana: endometriosisi (ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje yake), faibroidi (uvimbe wa kizazi usio kansa), maambukizi ya nyonga, mimba, hata hedhi tu. Faibroidi kwa wanawake weusi ndio usiseme, ni nyingi kuliko kwa wazungu. Halafu kuna TB ya tumbo, ambayo inajaza maji tumboni na kupandisha CA-125 mpaka juu, mgonjwa anakonda, ukiangalia unasema hii ni kansa ya ovari steji ya tatu, kumbe ni TB inayopona kwa vidonge. Kwa hiyo kama Marekani yenye maabara zake walipasua watu 1,080 bure, sisi tukianza kupima kila mwenye miaka 40 tutapasua wangapi? Na upande wa pili, karibu nusu ya walio steji ya kwanza majibu ya kipimo hiki yanaonyesha wako kawaida, kwa hiyo mwingine anarudi nyumbani anashukuru Mungu wakati kitu kipo.

Lakini hapa lazima niweke mstari, na naomba usipite haraka. Yote niliyosema yanamhusu mwanamke ASIYE na dalili. Mwenye dalili ni habari nyingine kabisa, na daktari anayemkatalia huyo kipimo anakosea. Hii kansa waliita muuaji wa kimya, sio kweli sana, inaongea ila inaongea lugha ya magonjwa ya kawaida: tumbo kujaa kama gesi, kushiba haraka ukila kidogo tu, maumivu ya tumbo la chini au nyonga, mkojo wa mara kwa mara. Sasa nani kati yetu hajawahi kuwa na hivyo? Tofauti ni kwamba hizi ni mpya, hukuwa nazo mwaka jana, na zinakuja siku nyingi, watafiti wanasema zaidi ya siku 12 kwa mwezi. Huko Uingereza mwongozo wao wa 2011 ulisema mwanamke wa hivyo, hasa wa 50 kwenda juu, apimwe CA-125 na ikifika 35 apigwe ultrasaundi. Huku kwetu huyo mama anapewa dawa ya vidonda vya tumbo, akirudi dawa ya UTI, akirudi tena dawa ya minyoo, miezi sita imeisha na sketi hazifungi. Kama tuna hela na kelele za kupiga, kwangu mimi ziende hapo.

Kuna eneo lingine la matumaini ambalo halizungumzwi. Aina kali ya kansa hii, wataalamu wamekuja kugundua kwamba mara nyingi haianzii kwenye ovari, inaanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi. Kwa hiyo kule British Columbia, Kanada, tangu 2010 wakaanza kuwashauri madaktari: mwanamke anayetolewa kizazi kwa sababu nyingine, au anayetaka kufunga kizazi, mtoe mirija yote badala ya kuiacha au kuikata kipande, ovari muachie homoni zake. Walipokuja kuhesabu wanawake 25,889 waliofanyiwa hivyo, walitegemea kukuta kama 5 wenye ile aina kali. Wakakuta sifuri. Ni wachache kusema tumemaliza kazi, wengi wao bado hawajafika umri wa kuugua, lakini fikiria ni kina mama wangapi hapa wanafunga kizazi wakati wa kujifungua kwa operesheni na hakuna anayewaambia kuna njia hii. Halafu kuna vidonge vya majira, vile vinavyosemwa mtaani vinaleta kansa. Kwa ovari ni kinyume, kila miaka 5 ya kuvitumia hatari inapungua kama asilimia 20 na kinga inabaki miaka mingi baada ya kuacha. Kwa titi vinaongeza hatari kidogo wakati unavitumia, hilo nalo liko, sio dawa ya kunywa kwa ajili ya kinga bila kuongea na daktari.

Kwa aliyegundulika tayari, matibabu yanasimama kwenye miguu miwili, operesheni na kemo (dawa kali za kuua kansa), na nguvu kubwa iko kwenye operesheni: lengo ni kutoa kila kinachoonekana, maana kinachobaki ndicho kinachorudi. Ndio maana inatakiwa ifanywe na daktari wa kansa za wanawake, sio yeyote anayejua kupasua. Uvimbe wa ovari unaotiliwa shaka usikubali uchomwe sindano kunyonya maji, ukipasukia ndani steji inapanda. Kemo ya kawaida ni kaboplatini na paklitakseli, na ikiwa imesambaa sana au mgonjwa ni dhaifu wanaanza na kemo kwanza, wanapasua katikati, wanamalizia, na majaribio ya Ulaya yalionyesha kwa wagonjwa wa namna hiyo matokeo hayapishani na kuanza kupasua. Kwa wenye hitilafu ya jeni ya BRCA, ambayo mtu anaweza kuirithi kwa wazazi na inaongeza hatari ya kansa ya titi na ya ovari, kuna vidonge vya olaparibu, ambavyo kwenye jaribio lililotoka 2018 vilipunguza hatari ya ugonjwa kurudi au kifo kwa asilimia 70. Bei yake kwa familia nyingi za huku haishikiki, na hiyo inaniuma kuliko hata habari ya CA-125.

Hiyo BRCA ndiyo imenirudisha kwa dada. Mwanamke wa kawaida hatari yake maisha yote ni zaidi kidogo ya 1 kwa 100. Mwenye BRCA1 ni kama 44 kwa 100 akifika miaka 80, mwenye BRCA2 kama 17. Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani, ana BRCA1, mama yake alikufa na kansa akiwa na miaka 56, na 2015 alitolewa ovari na mirija wakati CA-125 yake ilikuwa kawaida kabisa. Kwa watu kama hao hawasubiri kipimo cha damu, wanashauriwa kutoa wakishamaliza kuzaa, miaka 35 mpaka 40 kwa BRCA1, na hedhi inakoma siku hiyo hiyo, pamoja na joto la ghafla mwilini na mifupa kudhoofika, sio uamuzi mdogo.

Nilipomweleza dada akanyamaza, halafu akampigia mama simu. Ndipo mama akasema bibi mzaa mama alikufa tumbo limejaa maji, wakati ule wakasema amerogwa, na mdogo wake bibi alikatwa titi akiwa hajafika 50. Hakuna aliyewahi kutuambia. Na yule daktari, ambaye bado nasema alikuwa sahihi kukataa kipimo kile, hakumuuliza dada swali hata moja kuhusu ukoo wake. Jumatatu dada anarudi pale pale, safari hii anaenda na mama, na karatasi nimewaandikia mimi: nani aliugua nini, na alikuwa na miaka mingapi.