Amplifaya inalia G, fundi anasikia kelele tu

Wiki iliyopita jamaa yangu tunayepiga naye kwenye maharusi alinipigia simu, sauti imeshuka kabisa, nikajua kuna msiba. Kumbe amplifaya yake ya gitaa imerudi kutoka kwa fundi. Ile ya valvu, yale machupa ya kioo yanayowaka ndani na kukuza sauti, ya wati 15, aliyoletewa na shemeji yake kwenye kontena la mchanganyiko kutoka Uingereza. Fundi kamwambia "sasa iko freshi bro, nimekutolea yale machupa yalikuwa yanakula umeme bure". Katoa valvu zote nne, katoa na transfoma mbili, kapachika kabodi ka sabufa, vile vya elfu kumi na tano, na taa ndogo ya bluu inayowaka waka mbele kama bonasi. Laki na themanini imelipwa. Sauti inatoka, sikatai. Inatoka kama spika ya muuza dawa ya mende.

Nilitaka kumtukana huyo fundi, nikaanza kabisa, halafu nikamuuliza jamaa swali moja tu: wewe ulimwambia inaumwa nini? Akasema, "nilimwambia inaunguruma".

Inaunguruma! Ndugu zangu wapiga gitaa, hivi mgonjwa akienda hospitali akasema "naumwa" akanyamaza, daktari afanyeje? Huyu ni mtu ambaye ukipiga noti moja nje ya ufunguo katikati ya sebene anakugeukia na macho. Anasikia gitaa la ridhim limeshuka robo ya robo. Lakini amplifaya yake mwenyewe ikilia, anasikia "kelele". Hapo ndipo hasira yangu ikahama kwa fundi ikaja kwetu.

Kwa bahati alikuwa amenitumia klipu Whatsapp mwezi mmoja nyuma, akilalamika. Nikaitafuta, nikavaa hedfoni (spika ya simu haifiki chini huko, usijaribu), nikachukua gitaa. Ule mvumo ulikuwa G. Waya wa sita, ule mnene, freti ya tatu, ila umepanda kidogo sana juu yake. Sasa hiyo G sio ya bahati nasibu. Umeme wetu unacheza mara 50 kwa sekunde, ukipita kwenye zile diodi zinazougeuza unakunjwa, nusu ya chini inapinduliwa juu, kwa hiyo inakuwa mara 100. Kazi ya kapasita kubwa, vile vikopo vinavyotunza umeme, ni kulainisha hayo mawimbi 100 yasifike kwenye spika. Zikikauka zinashindwa kazi, na wewe unasikia 100. Na G ya freti ya tatu ni 98. Yaani amplifaya inakupa noti! Inakwambia kwa lugha yako mwenyewe kwamba kapasita za pawa zimechoka.

Ingekuwa 50, ingekuwa oktava moja chini, G ya freti ya tatu kwenye waya mnene wa gitaa la besi, na hapo habari ni nyingine kabisa: waya wa gitaa umekatika kwenye shildi (ule msuko wa nje unaozuia kelele), athi imelegea, au nyaya zinazowasha valvu zimepita karibu na sehemu zisizotakiwa. Ukisoma maelezo ya Wamarekani wao watakwambia 60 na 120, ile ya 120 iko karibu na B, usichanganyikiwe, umeme wao ndio uko hivyo. Sisi ni G. Nilipoligundua hili mara ya kwanza nilikaa chini nikacheka peke yangu, miaka kumi na kitu natafuta fundi wa amplifaya kumbe yule mgumu kumpata ni mwenye masikio, na masikio ninayo mimi.

Na klipu ilikuwa na kitu kingine. Katikati jamaa anashusha volyumu mpaka sifuri, na mvumo haubadiliki hata kidogo. Maana yake tatizo haliko mbele, haliko kwenye gitaa, haliko kwenye valvu ya kwanza inayopokea sauti. Liko baada ya volyumu. Noti moja na nobu moja, umeshaondoa robo tatu ya amplifaya kwenye orodha ya washukiwa bila kufungua skrubu. Haya, nakubali, valvu mbili za mwisho zisipolingana nguvu nazo zinaweza kuleta mvumo huo huo wa 100, kwa hiyo sio kwamba ukisikia G tayari umeshinda. Lakini umebaki na vitu viwili, hujabaki na kabodi ka sabufa.

Ndio maana nasema mtu anayepiga amplifaya ya valvu ajifunze kuitengeneza mwenyewe. Habari ya kuokoa hela mimi sisemi, kwanza sio kweli, mimi nimetumia hela nyingi kwenye vifaa kuliko ambazo mafundi wangeniibia. Na sisemi kila mtu awe fundi redio. Nasema tu nusu ya ufundi huu ni kusikiliza, na kusikiliza ndio kazi unayolipwa kila Jumamosi. Ikipasuka pasuka kama mafuta ya kukaangia, ikikwaruza ukigeuza nobu, ikilia "ting" ukigusa boksi, ikianza vizuri halafu baada ya nusu saa inazama, kila moja ina mshukiwa wake. Hiyo ya "ting" ni valvu imelegea ndani, unachukua kijiti cha mshikaki unagonga taratibu moja baada ya nyingine, ile inayopiga kelele kwenye spika ndiyo hiyo hiyo, unaichomoa unaweka nyingine, umemaliza, urudi ukamalizie mshikaki.

Eti Leo Fender mwenyewe, yule wa magitaa na amplifaya za Fender, alikuwa fundi redio, ana kaduka kake Fullerton, California, tangu 1938, na gitaa hakujua kupiga. Wanamuziki walikuwa wanamletea mambo yao wanamweleza, yeye anasikiliza anarudi mezani. Yaani asiyepiga alijua kusikiliza wapigaji, na sisi tunaopiga hatujui kumweleza fundi.

Sasa kuna wale wa "usifungue utakufa". Nawajua. Wengi wao ndio hao hao ukumbini wanachomeka nyaya mbili uchi kwenye soketi kwa kubana na njiti ya kiberiti, miguu kwenye maji ya barafu ya soda. Lakini tusitaniane, hapa wana haki kidogo na inaniuma kusema. Ndani ya ka wati 15 tu kuna volti 300 na zaidi, na zile kapasita zinaweza kuzishika hata ukishachomoa waya ukutani ukaenda kula ukarudi. Inaua kweli. Kwa hiyo unachomoa, unachukua rizista ya omu elfu kumi, wati 5, mguu mmoja umebanwa kwenye chasisi, mwingine unagusa kapasita, unahesabu mpaka kumi. Halafu UNAPIMA na mita. Hauamini, unapima. Mpaka isome chini ya volti 10. Na ukilazimika kupima ikiwa inawaka, mkono mmoja mfukoni, vaa viatu, usiwe umekunywa, na usifanye peke yako usiku. Ukiona huwezi kufuata hayo basi usifungue kweli, endelea kuwa mteja.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliweka kapasita kichwa chini miguu juu, chanya kwenye hasi. Ilipasuka kama baruti ya Krismasi, nyumba nzima ikanuka samaki wa juzi, mke wangu akatoka nje na mtoto hajauliza hata swali. Siku hizi kabla sijawasha kitu nilichokigusa napitisha umeme kwanza kwenye globu ya zamani, ile ya waya ndani, imefungwa kwenye mstari mmoja na amplifaya. Kukiwa na shoti globu inawaka kwa nguvu zote na amplifaya inapona, mambo yakiwa sawa inamulika mara moja inafifia. Za LED hazifai. Ukikosa globu madukani nenda kwa wanaouza vifaa vya kuku, zile za kupashia vifaranga joto ndizo hizo hizo.

Valvu zenyewe bado zinatengenezwa, Slovakia, Urusi, China, msiogope. Mwagize mtu anayekuja kutoka nje akufungie kwenye soksi. Ukiona mmoja ameandika ECC83 na mwingine 12AX7 msigombane, ni kitu kimoja, Mzungu wa Ulaya na wa Marekani tu. Transfoma ikiungua, hapo mimi nanyoosha mikono, kusuka siwezi.

Na huyo fundi, mh. Nimemfikiria sana. Kijana wa miaka ishirini na tano labda. Mafundi waliozijua valvu ni wazee wa redio za mbao, wengi wameshatutoka au macho yamegoma. Huyu kakulia kwenye simu na TV za bapa, siku hiyo kaletewa boksi lina machupa manne yanawaka machungwa, kaambiwa "inaunguruma", mwenye mali kaondoka. Akafanya anachokijua. Mngurumo umeisha au haujaisha? Umeisha. Alichokosea ni kutoa transfoma nzima bila kumuuliza mtu, hiyo sitamsamehe, lakini hayo mengine tulimtuma wenyewe.

Jumanne tulimfuata. Alishangaa tumerudi kwa ajili ya uchafu. Transfoma moja ipo chini ya meza, ile ndogo inayopeleka kwenye spika, nyingine kubwa imeshaenda kwenye mizani na shaba nyingine. Valvu alizihifadhi kwenye kopo la Blue Band, mwanawe alikuwa anazichezea, anazipanga dirishani kama waumini kanisani. Akatupa bure, kaona hata aibu.

Nimezirudisha nyumbani, nikazichomeka kwenye amplifaya yangu moja moja, usiku, mtoto kalala, volyumu chini. EL84 mbili, zile za mwisho zinazosukuma spika, na ECC83 mbili. Nikakaa nazo kama saa nzima nasikiliza. Kimya. Zote nzima.