Pikipiki Iliyooshwa na Cheti cha Mwombaji Kazi

Ukienda kununua pikipiki iliyotumika Ngamiani, Tanga, kabla ya kuuliza bei sogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto na mwenyewe anasema leo haijatoka, uliza kwa nini. Pikipiki inayosumbua kuwaka huwashwa kwanza, ndipo mteja apigiwe simu aje. Oili nzito hufunika kelele, sabuni huondoa alama za uvujaji.

Muuzaji anaujua ugonjwa wa chombo chake, mnunuzi haujui. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza, kwa mfano wa magari yaliyotumika, jinsi pengo hilo linavyoharibu soko: mnunuzi anayeogopa kuuziwa bovu hutoa bei ya chini, wenye vizima wanajitoa, wanabaki wenye mabovu. Mwaka 1973 mwanauchumi mwingine, Michael Spence, akaonyesha pa kutokea: mwenye kizima atume ishara ambayo mwenzake mwenye bovu ataiona ghali kuiiga.

Kuosha si ishara ya namna hiyo. Ndoo ya maji ina bei moja kwa wote, basi wote wanaosha na mnunuzi haambulii kitu. Lakini anayekwambia "ipeleke kwa fundi wako, kaa nayo siku tatu, ikisumbua nakurudishia pesa", na akakubali kuandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, huyo amesema jambo. Mwenye pikipiki nzima haimgharimu sana. Mwenye bovu anajua atalazimika kuirudisha pesa.

Hoja hii naikubali, ila inanitia wasiwasi mahali pamoja. Chukua mjane anayeuza pikipiki ya marehemu mumewe. Anahitaji pesa leo, na anaogopa kumkabidhi mgeni chombo akatokomea nacho. Ukisema anakataa kwa sababu ni bovu, umemhukumu kwa shida zake.

Kwenye ajira ndiko kunakouma zaidi. Spence alionyesha kwamba hata kama shule haimwongezei mtu ujuzi, cheti kinaweza kumtenga hodari na asiye hodari, mradi masomo yawe mepesi zaidi kwa hodari. Sharti hilo ni zito. Pale ambapo wepesi unatokana na ada iliyolipwa kwa wakati, mwajiri anayedai digrii kwa kazi ya kutunza stoo anasoma mfuko wa mzazi, akidhani anasoma akili ya kijana.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka vyeti vitupwe. Vikiondoka, kitakachobaki ni kujuana, na mtoto wa mkulima wa Muheza hana mjomba ofisini. Afadhali cheti.

Ningependa zaidi utaratibu wa gereji: kijana anapewa kabureta aifungue, aisafishe, airudishe, na pikipiki iwake. Kazi yenyewe inamsemea. Ila wiki zile za kwanza mara nyingi hana malipo, na asiye na ndugu wa kumlaza mjini hazimalizi, hata mkono wake uwe mwepesi kiasi gani.